Kufundisha Uraia Katika Darasa Lenye Watoto wa Makabila Mengi

Mtoto wa darasa la sita katika Kenya akiulizwa ni nani mkuu wa kaunti, hujibu mara moja: gavana. Akiulizwa kaunti ni ngapi, husema 47. Akiulizwa Katiba ya sasa ilianza kutumika lini, hutaja tarehe 27 Agosti 2010, na mwalimu hufurahi, maana majibu hayo ndiyo yatakiwayo katika mtihani. Lakini huenda mtoto yuleyule, kengele ya mapumziko ikilia, akatoka akacheza na watoto wa lugha yake peke yao. Na akigombana na mwenziwe kwa sababu ya mpira, neno la kwanza limtokalo kinywani ni jina la kabila la huyo mwenziwe. Maneno yote ya uraia ameyashika, walakini uraia wenyewe haujamwingia.

Jambo hili si dogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika Kenya, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Miongoni mwa vijana waliofunga barabara siku zile walikuwamo wengi waliopita shule ya msingi, wakafundishwa humo habari za Serikali, za Bunge na za umoja wa taifa. Basi ni haki mzazi au mwalimu akiuliza: somo hili lafundishwaje hata mtu alisome miaka minane na lisimzuie kumwinulia jirani yake panga?

Wako wanaosema kwamba kutaja makabila mbele ya watoto ni kuwachochea, na kwamba dawa ni kunyamaza. Nia yao ni njema. Lakini mtoto hujifunza mambo haya hata mwalimu akinyamaza: huyasikia jikoni, huyasikia katika matatu, na siku hizi huyasoma katika simu ya kaka yake. Shule ikinyamaza, hubaki wale wengine peke yao kuwa walimu wake.

YALIYOONEKANA BUSIA NA MEATU

Bwana Edward Miguel, mtaalamu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, alichapisha mwaka wa 2004 utafiti uliolinganisha wilaya mbili za mashambani: Busia, magharibi ya Kenya, na Meatu, kaskazini ya Tanzania. Zote mbili ni nchi za wakulima wasio matajiri, tena zina watu wa makabila mbalimbali. Busia wako Waluhya, Wateso na Wajaluo. Meatu wako Wasukuma, ambao ndio wengi, pamoja na makabila mengine madogo. Alichotazama hasa ni shule za msingi na michango ya wazazi. Katika Busia ilionekana kwamba mahali penye mchanganyiko wa makabila wazazi walichanga fedha kidogo kuliko mahali penye kabila moja, na vifaa vya shule zao vilikuwa duni zaidi. Katika Meatu tofauti hiyo haikuonekana.

Sababu mojawapo iliyopatikana Busia yafaa kutafakariwa. Mchango wa shule hutegemea sana haya. Mzazi asiyetoa hutajwa mkutanoni, naye kwa kuona aibu hulipa. Lakini kamati za shule zenye watu wa makabila mengi ziliwataja wakaidi mara chache zaidi, maana mtu huona vigumu kumkemea jirani asiye wa lugha yake, asije akaambiwa anamwonea kwa ajili ya kabila. Kwa hiyo hata pasipo ugomvi, watu wakikaa kwa amani kabisa, shule yaweza kukosa madawati kwa sababu wazazi wake hawawezi kuambiana kweli.

Kwa upande wa Tanzania, Bwana Miguel aliona sababu katika kazi ya kujenga taifa iliyofanywa tangu uhuru: Kiswahili kufanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, masomo kukaza habari za taifa moja, na mamlaka ya machifu kuondolewa mwaka wa 1963. Msomaji asidhani kwamba huko ilikuwako hirizi ya ajabu. Somo la Siasa lililofundishwa Tanzania kabla ya vyama vingi kurudi mwaka wa 1992 lilikuwa la chama kimoja, na mwanafunzi hakutazamiwa kulihoji. Tena wilaya mbili si nchi mbili. Hata hivyo jambo moja ladhihirika: desturi ya kumwona jirani wa kabila lingine kuwa mwenzi wa shauri moja haizaliwi na mtu, hufundishwa, na shule ni mahali pamoja pa kuifundisha.

MAJADILIANO NDIYO YAFANYAYO KAZI

Je, hufundishwaje? Mwaka wa 1999 chama cha kimataifa cha utafiti wa elimu kiitwacho IEA kiliwapima watoto wapatao 90,000 wenye umri wa miaka 14 hivi, katika nchi 28. Hakuna hata nchi moja ya Afrika iliyokuwamo, na huo ni upungufu mkubwa; lakini swali moja waliloulizwa lahusu kila darasa duniani: je, katika darasa lenu mwahimizwa kutoa maoni yenu wenyewe, na mwaweza kutofautiana na mwalimu bila hofu? Watoto waliosema kwamba darasa lao liko hivyo walijua mambo ya serikali kuliko wenzao, na walikuwa na nia zaidi ya kupiga kura watakapokuwa watu wazima. Walakini ni kama robo tu ya watoto wote waliosema kwamba huhimizwa mara nyingi kutoa maoni. Robo nyingine walisema jambo hilo ni nadra au halipo kabisa.

Kwa habari za Afrika, Bwana Steven Finkel na Bwana Howard Ernst walichapisha mwaka wa 2005 utafiti juu ya vijana wa shule za sekondari za Afrika Kusini, waliofundishwa uraia baada ya utawala wa ubaguzi kuondoka. Somo hilo liliwaongezea vijana maarifa. Lakini tabia za raia, kama kumvumilia mtu mwenye mawazo mengine, hazikugeuka illa pale ambapo mwalimu alikuwa stadi, mwenye kupendwa na wanafunzi, na darasa lilikuwa wazi kwa mazungumzo. Yaani maarifa yaweza kumwagwa kutoka ubaoni, bali tabia haimwagwi hivyo.

Na Kenya yenyewe ina ushuhuda wake. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2002 mpango wa taifa wa elimu ya uraia uliendesha semina, mihadhara, michezo ya kuigiza na hata michezo ya vikaragosi, yote pamoja ipatayo 50,000, mijini na mashambani. Bwana Finkel na Bibi Amy Erica Smith, katika maandishi yao ya mwaka wa 2011, walieleza kwamba watu waliohudhuria walirudi nyumbani wakazungumza na jamaa na majirani, na kwamba wale wasiohudhuria nao waliongeza maarifa kwa kuwasikia. Mkutano wa saa mbili ulizaa mazungumzo ya miezi. Mwalimu wa shule ya msingi hana saa mbili. Ana mwaka mzima, na watoto sitini ambao kila jioni hurudi katika nyumba sitini.

Lakini kuwaambia watoto “zungumzeni” hakutoshi. Katika darasa mchanganyiko atakayesema ni yule mwenye Kiswahili au Kiingereza chepesi, mtoto wa mjini, ambaye baba yake ana gazeti nyumbani. Mtoto aliyehamia juzi kutoka Turkana au Tana River atakaa kimya, na wenzake watadhani hana akili. Hapo mazungumzo hayo hayapunguzi utengano, bali huuongeza.

SOMO LA VIPANDE

Dawa ya taabu hiyo ilipatikana mahali mbali, nayo yastahili kuelezwa kwa urefu. Mwaka wa 1971 shule za mji wa Austin, katika jimbo la Texas huko Marekani, ziliwaweka watoto Weupe, Weusi na wenye asili ya Mexico katika darasa moja baada ya miaka mingi ya kutengwa. Ugomvi ulizuka. Bwana Elliot Aronson, mtaalamu wa elimu ya nafsi katika chuo kikuu cha mji huo, aliitwa atoe shauri. Yeye na wanafunzi wake walikaa madarasani wakatazama, na waliloliona si ajabu kwa mwalimu ye yote: mwalimu huuliza swali, mikono sita huinuka, mmoja huchaguliwa, na wale watano wengine humwombea akosee. Kila mtoto ni mshindani wa mwenziwe. Chuki iliyokuja nayo shuleni hupata chakula humo darasani.

Bwana Aronson akaugeuza mpango. Watoto waligawanywa katika vikundi vya watano au sita, wa rangi zote, na somo likakatwa vipande. Kila mtoto akapewa kipande kimoja ambacho wenzake hawakuwa nacho, na mtihani ukawa juu ya vipande vyote. Basi mtoto akimcheka mwenziwe asiyejua kusema vizuri, anajinyima mwenyewe sehemu ya somo. Kwanza walichekana kama desturi yao. Baada ya siku chache waliona hasara yake, wakaanza kuulizana kwa upole ili kukitoa kile alichonacho mwenzao. Baada ya majuma machache watoto wa vikundi hivyo walipendana zaidi, na watoto Weusi na wa asili ya Mexico walifanya vizuri zaidi katika mitihani kuliko wenzao wa madarasa ya kawaida, wala watoto Weupe hawakupungukiwa na kitu.

Kwa somo la uraia katika Kenya, mpango huu ni kama uliotengenezwa makusudi. Mpiga kura wa Kenya, siku ya uchaguzi mkuu, hupiga kura sita: ya Rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge wa eneo, ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na ya mwakilishi wa wadi. Watu wazima wengi huchanganya kazi za hao sita, wakamdai seneta barabara ya kijiji, au wakamlaumu mbunge kwa zahanati isiyo na dawa. Basi vipande viko sita, na kikundi kiwe cha watoto sita. Darasa la watoto 60 litakuwa na vikundi kumi.

Mwalimu aandike kadi sita, kila moja ya maneno mepesi yasiyozidi nusu ukurasa. Kadi ya seneta, kwa mfano, ieleze kwamba yeye hutetea kaunti yake katika Baraza la Seneti, na kwamba Katiba huamuru kaunti zote pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kadi ya mwakilishi wa wadi ieleze kwamba wadi za Kenya ni 1,450, na kwamba wawakilishi hao hutunga sheria za kaunti na kuichunguza serikali ya gavana. Mbunge na ajulikane kwa majimbo 290. Na kadi ya gavana iseme juu ya zahanati, barabara za kaunti na masoko, maana hapo ndipo wananchi wakosapo zaidi.

Watoto wote kumi waliopata kadi ya seneta wakae pamoja kwanza, waisome, waulizane, wakubaliane jinsi ya kuieleza. Hatua hii isirukwe kwa kutaka haraka. Ndiyo imlindayo mtoto mnyonge: atakaporudi katika kikundi chake hatakuwa akibahatisha, bali amekwisha kuyasema maneno yake mara mbili tatu mbele ya wenye kadi kama yake. Kisha kila mmoja arudi kikundini na kuwafundisha wale watano. Mwisho mwalimu atoe maswali ya mambo ya kweli. Daraja la kaunti limevunjika, aendewe nani? Kaunti yapewa fedha kidogo kuliko haki yake, nani wa kusema? Kila mtoto ajibu peke yake, kwa kuandika.

Jambo moja la kuangaliwa ni namna ya kugawa vikundi. Watoto wakiachiwa wachague, watakaa kwa lugha zao. Mwalimu avigawe mwenyewe, akichanganya wavulana na wasichana, wepesi na wazito, wenyeji na wageni, wala asitangaze kwamba amechanganya makabila. Akitangaza, kila mtoto atajiona mjumbe wa kabila lake badala ya mwenye kipande cha seneta.

SHAURI LENYE PANDE MBILI

Watoto wakiisha kuzoea kusikilizana, wapewe jambo ambalo watu wenye akili hutofautiana juu yake. Ndugu wawili, Bwana David Johnson na Bwana Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walitengeneza utaratibu ambao walimu wengi wa uraia wameupokea. Watoto wanne hukaa pamoja. Wawili hutetea upande mmoja wa shauri, wawili upande wa pili, kila upande ukitoa sababu zake huku wengine wakiandika. Kisha hubadilishana: aliyekataa atetee, aliyetetea akatae. Baadaye pande zote zaachwa, na wale wanne hutafuta neno wawezalo kukubaliana, au waseme wazi ni wapi hasa walipoachana.

Shauri la kuanzia lisiwe la vyama wala la uchaguzi. “Je, wachuuzi waruhusiwe kuuza kandokando ya barabara kuu ya mji?” ni swali jema. Lina njaa ya mama muuza mboga, lina mwenye duka alipaye kodi na leseni, lina ajali na usafi, na katika miji mingi lina makabila ndani yake bila kutajwa. Mtoto wa mwenye duka akishurutishwa kumtetea mchuuzi kwa dakika tano, tena kwa sababu za kweli, amefanya kazi ambayo wazee wengi barazani hawajapata kuifanya.

Hata hivyo saa itafika ambapo neno chungu litatoka. Mtoto atasema: “Watu wenu si wa hapa, rudini kwenu.” Mwalimu asimpige wala asijifanye hakusikia. Kumpiga kutamfundisha kulisema mahali asipokuwapo mwalimu, na kunyamaza kutamwambia yule aliyeumizwa kwamba shule imekubali. Yafaa somo lisimame, na swali liwekwe ubaoni: nani ni wa hapa? Mwenye kuzaliwa hapa? Mwenye shamba? Aliyekuja miaka kumi? Watoto wakisha kusema, kisomwe kifungu cha 39 cha Katiba, kinachompa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote katika Kenya, kisha cha 40 juu ya haki ya kumiliki mali popote nchini. Sheria isomwe baada ya mazungumzo, si kabla. Ikisomwa kwanza hufunga vinywa, na neno lile hubaki moyoni.

Aliyetukanwa asitakiwe kulieleza kabila lake mbele ya darasa, kana kwamba yuko mahakamani. Na aliyetukana aonwe faraghani. Mara nyingi itaonekana kwamba amerudia maneno ya mkubwa fulani, naye hajui uzito wake.

Mwalimu mwenyewe naye ana kabila, na watoto wanalijua. Akiegemea upande mmoja katika shauri la siasa, nusu ya darasa itaacha kumsikiliza siku hiyohiyo. Huu si wakati wa kutangaza kura yake. Afadhali awe mkali juu ya jambo moja tu, kwamba kila asemaye atoe sababu, na awe mkali hivyo kwa watoto wa lugha yake kama kwa wengine.

Katika historia ya Kenya elimu ya uraia iliwahi kufundishwa watu wasioweza kuitumia. Kabla ya Machi 1957 Waafrika hawakuwa wakichagua kwa kura wajumbe wao katika Baraza la kutunga sheria. Uraia uliofundishwa ulikuwa zaidi wa utii, usafi na kulipa kodi. Mabaki ya desturi ile yangaliko katika madarasa mengi: mwalimu husema, watoto huitikia kwa pamoja. Mpango wa masomo ulioanza kutumika nchini kote mwaka wa 2019 umeuweka uraia kuwa mmoja wa uwezo saba ambao kila mtoto hana budi kuupata. Walakini karatasi ya mpango haibadilishi darasa, na mwalimu mwenye watoto 70 katika chumba cha watoto 40 ana haki ya kuuliza wapi atawaweka.

Jibu ni kwamba madawati hayahitaji kusogezwa. Watoto wa dawati la mbele wageuke nyuma, nao huwa kikundi. Kadi zaweza kuandikwa upande wa nyuma wa karatasi zilizotumika, na zikatunzwa kwa mwaka ujao. Kelele itakuwako, mwalimu mkuu aarifiwe mapema, asije akadhani darasa limeasi. Mtoto ambaye Kiswahili chake bado kizito apewe kadi siku moja kabla, aende nayo nyumbani. Na ikiwa mtoto mgeni ataingia katikati ya muhula, kama iwavyo kwa watoto wa wafugaji na wa wafanya kazi wa mashamba makubwa, asikalishwe pembeni kungoja somo lingine. Kikundi chake kiwe cha saba, naye ashirikiane kadi moja na mtoto mwingine, kila mmoja akieleza nusu yake.